Quartz, malakiti na lile jiwe la yomba



Kwenye saloni ya yomba wangu, kartie Musonoi hapa Kolwezi, palikuwa jiwe lenye sindano za kijani kibichi, zuri kweli. Alilitoa mugodini zamani, wakati angali anatumika. Sisi watoto tulilala chini ya rafu yake. Leo nawaandikia namna watu walivyopata kifaa cha kupima mawe ya aina ile.

Mwaka 1880, kule Paris, ndugu wawili Jacques na Pierre Curie walifinya vipande vya kristali wakapima umeme unaotokea. Quartz ilitoa, turmalini ilitoa, hata kristali ya sukari ya muwa ilitoa (mimi wa agronomi hapo nilicheka). Siri iko katika mpangilio wa atomu. Ndani ya quartz, silikoni na oksijeni zimepangwa bila kitovu cha ulinganifu: ukifinya, chaji chanya inasogea huku, hasi kule. Malakiti yetu ina kitovu. Kila atomu ina mwenzake upande wa pili, kwa hiyo misogeo inafutana. Finya mupaka ivunjike, kura haitoke. Na kioo cha dirisha? Sehemu kubwa ni silikoni na oksijeni ile ile, lakini atomu zimetapakaa bila mpango, basi nacho bure.

Mwaka 1898 Marie Curie alihitaji kupima umeme mdogo sana ambao madini ya urani yanapitisha hewani. Alitundika mizigo kwenye bamba la quartz; kila uzito unatoa chaji inayojulikana. Akasawazisha chaji ya quartz na ile ya jiwe, na saa mkononi. Ndipo akaona madini fulani yanazidi urani yenyewe. Mwaka ule ule yeye na Pierre wakatangaza poloni na radi.

Katanga ikaingia baadaye. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, iligunduliwa 1915. Mwaka 1924 Alfred Schoep aliita jiwe moja la huko sklodowskiti, kwa jina la ukoo wa Marie. Mwaka 1933 ndugu yake mwenye shaba, kuprosklodowskiti, alielezwa kutoka Kalongwe, huku kwetu Lualaba. Alipatikana pia Musonoi. Ajabu yake: hata jiwe hilo lina kitovu. Ukilifinya halitoi kitu, lakini mionzi linatoa usiku na mchana.

Mwaka jana rafiki wa jeolojia alileta mashine ya kuhesabu mionzi kwa yomba. Mbele ya rafu ikalia bila kupumzika.

«Yomba, hii jiwe itoke ndani ya nyumba.»

«Mwanangu, ni ukumbusho wa kazi yangu.»

Alikubali siku ya tatu, sababu ya wajukuu. Sasa liko ndani ya ndoo yenye mfuniko, nyuma ya nyumba, mbali na lengalenga zake. Mwenye kujua nani anaweza kulipokea vizuri hapa Kolwezi, aniandikie.