Kikale cha Nyasi, Tanuru la Chuma

Anayefika Katuruka, huko Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba, akitarajia kuta za mawe kama za Kilwa Kisiwani, atadhani amepotea njia. Hakuna ngome wala kuba. Kuna migomba, mibuni mikongwe chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, na njia nyembamba zinazopita kati ya kaya na kaya. Hata hivyo hapa ndipo palipokuwa kikale, makao ya mfalme, cha Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe aliyetawala ufalme wa Kyamutwara katika karne ya 17. Na chini ya kikale hicho kuna masalia ya kazi ya chuma iliyofanyika zaidi ya miaka 1,500 kabla mfalme huyo hajazaliwa.

Wahaya, wenyeji wa nchi hii ya Buhaya, hawakujenga kwa mawe. Nyumba yao ilikuwa mushonge, msonge mkubwa wa miti na matete ulioezekwa nyasi kutoka kileleni hadi chini kabisa, na ndani yake walilala watu na ng'ombe, nyasi safi zikiwa zimetandikwa sakafuni. Nyumba ya Mukama ilitofautiana na ya mkulima kwa ukubwa, kwa ustadi wa uezekaji na kwa wingi wa nyua zilizoizunguka, lakini malighafi ilikuwa ileile. Nyumba ya namna hiyo ikiachwa bila mwangalizi, mvua na mchwa huimaliza katika miaka michache. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuitafuta historia katika magofu huzipita himaya nzima za Buhaya bila kuziona.

Kinachobaki ni kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba.

Pwani ya Ziwa Viktoria upande wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua nyingi kiasi hicho huchuja rutuba na kuizamisha chini, mizizi isifike. Ardhi ya wazi, ile inayoitwa rweya, ni maskini: huota nyasi, basi. Kibanja kinachopakana nayo ni cheusi, laini na chenye unyevu, na weusi huo haukuja wenyewe. Vizazi kwa vizazi nyasi za rweya zimekatwa na kutandazwa chini ya migomba, samadi ya ng'ombe imebebwa na kumwagwa, majivu na maganda ya ndizi yamerudishwa shambani. Kila hatua ya udongo huo imejengwa kwa mikono. Anayetafuta jengo kongwe la Buhaya amelikanyaga tayari.

Mzee anayekijua kibanja chake hukisoma kama hati. Mmea wa mulamula uliopandwa mstari huonyesha mpaka uliokubaliwa mbele ya mashahidi, na unapoota kichaka kimoja peke yake mara nyingi huashiria kaburi au mahali pa ibada. Mti wa mtoma unakumbusha zama ambazo watu walivaa nguo za magome. Wafu huzikwa humohumo kibanjani, karibu na mlango wa nyumba, ndiyo sababu kuuza kibanja cha ukoo kulionekana sawa na kuuza mababu. Mwaka 1937 maofisa wa Kiingereza walileta kanuni za kuwaelekeza wakulima jinsi ya kupogoa na kutunza mibuni, wakapata upinzani uliogeuka ghasia, na sababu mojawapo ni kwamba waliingiza mkono katika ardhi wasiyoielewa. Kwao lile lilikuwa shamba la zao la biashara. Kwa wenyewe lilikuwa nyumbani, makaburini na ghalani kwa pamoja.

Katuruka ilikuwa na hati moja zaidi, mti mkubwa ulioitwa Kaiija. Wazee walisimulia kwamba Rugomora Mahe aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, apate kuona kuna nini huko juu. Wahunzi walifua, mnara ukapanda, kisha ukashindwa kuubeba uzito wake na kuanguka. Mahali palipofuliwa chuma hicho, walisema, ni hapa chini ya Kaiija. Mgeni angeweza kuisikiliza hadithi hiyo kwa adabu, akaandika mistari miwili na kuondoka.

Mwanaakiolojia wa Kimarekani Peter Schmidt hakuondoka. Alifika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960 kukusanya masimulizi, na wazee ndio waliompeleka mtini. Alipochimba, mwaka 1970, alikuta mavi ya chuma, mashimo ya matanuru, masalia ya kufulia na vigae vya ufinyanzi wa aina ya Urewe, ufinyanzi wa wakulima wa mwanzo wa eneo la Maziwa Makuu uliopewa jina la mahali huko magharibi mwa Kenya. Vipimo vya kaboni vilirudi nyuma hadi karne za kabla ya Kristo. Wataalamu wamebishana juu ya tarehe za mwanzo kabisa, lakini jambo la msingi limesimama: palipoelekezwa na simulizi ndipo palipokuwa na chuma, na chuma hicho kilikuwa kikongwe kuliko mfalme wa simulizi kwa karne nyingi mno. Mnara huenda haukuwahi kuwepo, lakini kumbukumbu ya mahali ilikuwa ya kweli, na mti uliibeba kupita koo, lugha na tawala zilizobadilika juu yake. Jambo hili linastahili heshima zaidi ya ile linayopata katika vitabu vya shule.

Kazi haikuishia kwenye mashimo. Mwaka 1976 Schmidt, na baadaye mtaalamu wa metali Donald Avery wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani waifanye kazi hiyo tena. Ilikuwa imepita miaka 50 au zaidi tangu majembe ya Ulaya yalipoizima. Wazee walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu kwa kuwa huo hauyeyuki upesi, wakaweka dawa chini yake, kisha wakachoma humo majani ya kinamasi mpaka shimo likajaa mabua meusi ya makaa. Juu yake walijenga tanuru kwa vipande vya mavi ya chuma ya zamani na udongo, wakaingiza mabomba manane ya udongo yaliyofika ndani kabisa, na kila bomba likapata mvukuto wake. Waliofanya kazi hiyo walishika miiko. Tanuru lilihesabiwa kuwa tumbo la mama, na myeyushaji alitakiwa ajiepushe na mkewe hadi kazi iishe, na nyimbo za wavutaji mivukuto zilisema waziwazi kinachotarajiwa kuzaliwa.

Kilichozaliwa ni chuma kilichochanganyika na kaboni, yaani chuma cha pua. Mwezi Septemba 1978 Schmidt na Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mabomba yaliyoingia ndani ya tanuru yaliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, kwa hiyo joto likapanda kupita kiwango kilichodhaniwa kuwezekana katika matanuru ya aina hiyo, na kwamba mabaki ya kale yaliyochimbwa karibu na Ziwa yanaonyesha ufundi wa jamaa moja na huo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Magazeti ya Marekani yaliichukua habari hiyo kwa kishindo. Baadaye wataalamu wengine wa metali walihoji iwapo hewa ilipashwa moto kiasi hicho, na hoja zao zina uzito wake. Hata hivyo, nao hawakukana kwamba wahunzi wa Kihaya walijua walichokuwa wakikifanya.

Kemondo, ghuba iliyo kusini zaidi ambako leo kuna bandari, ilitoa matanuru mengine ya kale, na pamoja nayo habari isiyofurahisha. Chuma hula makaa na makaa hula misitu. Kwa maelezo ya Schmidt, wayeyushaji wa mwanzo waliumaliza msitu wa karibu, na kufikia kama mwaka 600 baada ya Kristo kazi ikafifia. Miti ilipewa karne kadhaa za kupumzika kabla matanuru hayajawaka tena kwa wingi. Kwa hiyo hata rweya hizi, ambazo mpita njia huziona kama uumbaji wa Mungu usioguswa, kwa sehemu ni kazi ya mashoka ya wachoma makaa.

Rugomora Mahe alijua alichokuwa akikifanya alipochagua Katuruka. Ukoo wake, Bahinda, ulikuwa mgeni kwa wenyeji wa kale waliomiliki ufundi wa chuma na ibada zake. Mfalme aliyejenga kikale chake kando ya Kaiija alijitwalia ukale ambao nasaba yake haikuwa nao. Ibada za mwezi mwandamo zikafanyika hapo, na alipofariki eneo likageuka gashani, makao ya mfalme marehemu, likiwa na walinzi wake waliorithishana kazi. Chuma na ufalme vilikwenda pamoja kote katika nchi hizi. Huko Karagwe, Bweranyange, hazina ya mfalme Rumanyika ilikuwa na ng'ombe wadogo wa chuma na nyundo za kifalme ambazo hakuna mtu aliyezitumia kufulia.

Kisha yakaja majengo ya aina nyingine, na haya yaliandikwa vitabuni mara moja. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mapadre Weupe, wakitoka kwenye vita vya dini vya Buganda, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Mukama Kahigi wa Kianja, aliyeelewana na Wajerumani kuliko wafalme wenzake, akapata kasri la mtindo wao huko Kanazi. Katika nchi ya Ihangiro, ambayo leo ni wilaya ya Muleba, Rubya ikawa misheni na seminari. Laurean Rugambwa, kadinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alisoma hapo. Juni 1915 wanajeshi wa Kiingereza walivuka Ziwa, wakaangusha mnara wa simu ya upepo wa Bukoba na kupora mji. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu, na vikale vilivyokuwa bado na wenyewe vikabaki bila kazi.

Hakuna pigo lililoiumiza Katuruka kama lile lililokuja kimya. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata vibanja vingi vilibaki na bibi na wajukuu, na katikati ya vizazi hivyo viwili hapakuwa na mtu. Simulizi ya Buhaya hupita kutoka kwa mzee kwenda kwa mtu mzima, si moja kwa moja kwa mtoto, kwa hiyo waliokufa walikuwa ndio daraja. Walinzi wa maeneo ya ibada walikufa bila kurithisha. Na mti wa Kaiija, uliovumilia tawala zote, ulikatwa.

Hapa sheria haikusaidia sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeegemea vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa Kilwa na Bagamoyo hiyo ni ngao nzuri. Kwa Katuruka ni ngao yenye tundu katikati, kwa sababu mti haukujengwa na mtu, jina la mahali halina umbo, na mstari wa mulamula hauonekani kuwa jengo kwa mtu asiyeambiwa. Nchi yenye makabila zaidi ya 120, ambayo mengi hayakujenga kwa mawe, haiwezi kuendelea kupima urithi wake kwa kipimo cha kuta peke yake.

Wanakijiji wenyewe hawakungoja sheria ibadilike. Mwaka 2008 watu wa Katuruka walimwendea Schmidt wakitaka wasaidiane kuirudisha historia ya mahali pao. Walikusanya masimulizi kwa wazee waliobaki, wanawake wakiwa mashahidi wakubwa maana wao ndio waliokaa karibu na ibada, wakajenga upya nyumba za kikale kwa nyasi na kufungua eneo kwa wageni. Na si nyasi peke yake zinazohitaji kujengwa upya: tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipoitikisa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba za matofali pamoja na majengo ya shule kongwe ya Ihungo, lilionyesha kwamba hata ujenzi ulioletwa kwa jina la kudumu una umri wake.

Kutunza kikale cha nyasi ni kazi ya kila msimu, na kazi hiyo inategemea mazingira yanayobadilika haraka. Mnyauko bakteria wa migomba, ulioripotiwa Muleba mwaka 2006, humlazimu mkulima kung'oa mashina na kuyafukia, na kibanja kilichong'olewa hakilindi tena udongo wake. Rweya, zilizotoa nyasi za kuezekea na za kutandaza, zinajaa mikaratusi, misonobari na chai. Paa la mushonge hudai mizigo mingi ya nyasi ndefu zilizokauka vizuri, na waezekaji wanaojua kuzifunga kuanzia chini hadi kileleni ni wachache na wamezeeka. Kila paa linapohitaji kubadilishwa, nyasi hizo hutafutwa mbali zaidi.