Kiyoyozi cha feni na koili

Nomino [ki-/vi-]. Kifaa cha chumbani chenye feni na koili, yaani bomba lililokunjwa mara nyingi, ambamo hupita maji yaliyopozwa au kupashwa moto na mtambo mkuu wa jengo. Feni huvuta hewa ya chumba na kuipitisha kwenye koili. Maji yakiwa baridi, huchukua joto la hewa. Yakiwa moto, huipa hewa joto.

Mfano: *Hoteli ya Capri Point, Mwanza, imefungwa viyoyozi vya feni na koili.*

Ufafanuzi: Upepo wa mchana utokao Ziwa Victoria hupoza mji kwa kanuni iyo hiyo, kwani hewa yake imepita juu ya maji yenye joto dogo kuliko nchi kavu.

Matumizi: Kisiitwe "feni". Feni, pamoja na pangaboi, husukuma hewa na kukausha jasho tu. Haipunguzi joto la chumba. Mfasiri akiandika "zima feni" katika mwongozo wa matengenezo, fundi huenda akakata umeme na kuacha vali ya maji wazi.

Tazama pia: *pangaboi, poza*.