Denmark: Nchi ndogo inayotegemea kuni za ng'ambo

Denmark ina wakaazi wapatao milioni 6, na misitu inafunika takriban asilimia 15 tu ya ardhi yake. Hata hivyo taifa hilo ni miongoni mwa waagizaji wakubwa wa nishati ya kuni barani Ulaya. Tangu katikati ya muongo wa 2010, Denmark imekuwa ikichoma zaidi ya tani milioni 2 za peleti za mbao kwa mwaka, na sehemu kubwa kabisa ya shehena hiyo huingia kwa meli.

Peleti ni vidonge vidogo vilivyoshindiliwa kutokana na unga wa mbao uliokaushwa. Unyevu wake haufiki asilimia 10, ilhali mbao mbichi zilizokatwa vibanzi hubeba maji karibu nusu ya uzito wake. Kwa sababu hiyo tani moja ya peleti hutoa joto jingi zaidi, na gharama ya kuisafirisha baharini hulipa. Vibanzi navyo hutumika kwa wingi, ila aghalabu hutoka katika misitu ya Denmark yenyewe au nchi za jirani.

Mzizi wa sera

Wakati mgogoro wa mafuta ulipozuka mwaka 1973, zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya Denmark ilitokana na mafuta kutoka nje. Mshtuko huo ulizaa sheria ya usambazaji wa joto ya mwaka 1979, iliyozipa mamlaka za miji jukumu la kupanga namna nyumba zitakavyopashwa joto. Leo takriban theluthi mbili ya makaazi hupokea maji ya moto kwa mabomba kutoka vituo vya pamoja, ambavyo vingi huzalisha umeme na joto kwa wakati mmoja.

Mwanzoni makaa ya mawe yalichukua nafasi ya mafuta. Mwaka 1993 vyama vya siasa bungeni vilikubaliana kwamba vituo vikubwa vya umeme vichome tani milioni 1.4 za mabua ya nafaka na mbao kwa mwaka. Wakati huo mabua ya mashamba ya nyumbani ndiyo yaliyopewa uzito mkubwa zaidi.

Mizani ilibadilika baadaye kwa sababu ya kodi. Makaa ya mawe na gesi vinavyotumika kuzalisha joto hutozwa kodi nzito, lakini kuni zimesamehewa. Makubaliano ya nishati ya mwaka 2012 yaliwezesha wenye vituo na makampuni ya joto kugawana faida ya msamaha huo, na vituo vikaanza kugeuzwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 2016 mitambo ya Avedøre, karibu na Copenhagen, na Studstrup, karibu na Aarhus, iliacha makaa ya mawe na kuhamia peleti. Katika mji mkuu, mtambo wa makaa ya mawe wa Amager ulifungwa mwaka 2020 na nafasi yake kuchukuliwa na mtambo wa vibanzi.

Vita na vikwazo

Shehena nyingi zilitoka Estonia, Latvia, Marekani na Urusi. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mbao za Urusi katika duru ya vikwazo ya Aprili 2022, na muda wa mpito ukamalizika Julai mwaka huo. Wanunuzi wa Ulaya waligombea mzigo uliosalia, na bei ikapanda kwa kasi. Walioumia ni pamoja na familia zenye tanuri zao wenyewe za peleti, ambazo hununua kwa mifuko na hazina mikataba ya muda mrefu.

Septemba 2022 moto ulizuka ndani ya ghala la peleti la Studstrup, ajali iliyoonyesha hatari ya kuhifadhi vumbi la mbao kwa wingi. Oktoba mosi serikali iliamuru mitambo mitatu ya makaa ya mawe na mafuta iendelee kuwa tayari hadi Juni 2024, ili umeme usipungue. Nchi iliyokimbilia kuni ili kuepuka utegemezi wa mafuta ilijikuta ikikabiliwa na utegemezi wa namna nyingine.

Hesabu ya hewa ukaa

Mabishano makubwa zaidi yanahusu tabianchi. Kwa kanuni za kimataifa, hewa ukaa inayotoka katika bomba la moshi la kituo cha kuni huhesabiwa kuwa sifuri, kwa kuwa hasara huandikwa pale mti ulipokatwa. Lakini kwa kiasi kilekile cha joto, kuni hazitoi hewa ukaa pungufu kuliko makaa ya mawe. Manufaa hutegemea mti mwingine kukua, jambo linaloweza kuchukua miongo kadhaa. Iwapo malighafi ni mabaki ya viwanda vya mbao, deni hilo hulipwa upesi. Iwapo ni magogo mazima, hulipwa polepole.

Hivyo hesabu nzuri ya Denmark inaweza kuwa mzigo kwa nchi ya pili. Katika miaka ya karibuni Estonia imeripoti kwamba sekta yake ya ardhi na misitu inatoa hewa ukaa zaidi ya inayonyonya, ingawa mauzo ya peleti si sababu pekee. Mwaka 2021 Denmark iliweka kisheria masharti ya uendelevu, yakiwemo kwamba misitu iliyovunwa ioteshwe upya.

Mwelekeo

Kwa sasa njia mbili zinafuatwa sambamba. Ya kwanza ni kupunguza uchomaji. Mjini Esbjerg, ambako kituo cha makaa ya mawe kilifungwa Agosti 2024, pampu kubwa huchota joto katika maji ya bahari zikisaidiwa na tanuri la vibanzi. Ya pili ni kunasa moshi: Mei 2023 kampuni ya Ørsted ilipata mkataba wa miaka 20 wa kunasa tani 430,000 za hewa ukaa kwa mwaka katika vituo vya Avedøre na Asnæs, na kuizika chini ya Bahari ya Kaskazini.

Njia hizo hazivuti upande mmoja. Pampu za joto hupunguza haja ya kuni, ilhali mitambo ya kunasa hewa ukaa huhitaji kuni ziendelee kuchomwa ili gharama yake irudi. Uwiano kati ya njia hizo ndio utakaoamua ni meli ngapi za mbao zitakazoendelea kutia nanga katika bandari za Denmark.