Wahadhiri wa Kenya na Haki ya Chama

Mwaka 1980 Rais Moi wa Kenya alikipiga marufuku chama cha wafanyakazi wa chuo kikuu, pamoja na kile cha watumishi wa serikali. Mwaka 1993 wahadhiri waliomba kuandikisha chama chao, UASU. Walikataliwa, wakagoma hadi mwaka 1994. Kiliandikishwa mwaka 2003, baada ya KANU kuondoka madarakani. Mgomo wa Januari 2017 uliisha Machi kwa mkataba.

Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mfanyakazi haki ya chama, ila yaruhusu sheria kuiwekea mipaka kwa wanajeshi na polisi. Askari amekabidhiwa silaha, mhadhiri, chaki. Serikali ifutayo chama cha wahadhiri hubaki na madai yale yale, bila mtu wa kuzungumza naye.