Kasoro za moyo katika sindromu ya DiGeorge

Sindromu ya DiGeorge ni hali ya kijenetikia inayotokea pale kipande kidogo cha kromosomu ya 22 kinapokosekana. Inakadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 4,000 wanaozaliwa. Jina linatokana na daktari Mmarekani Angelo DiGeorge, aliyeieleza katika miaka ya 1960. Wengi wa watoto hao huzaliwa na kasoro za moyo.

Chanzo

Kipande kinachokosekana kina jeni kadhaa, ikiwemo TBX1, inayosaidia kuumba moyo, kaakaa na tezi za shingoni wakati wa ujauzito. Katika familia 9 kati ya 10 wazazi wenyewe hawana hali hiyo: hutokea kwa bahati tu. Si kosa la mama, wala si matokeo ya mwiko uliovunjwa. Lakini mzazi aliye nayo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

Kasoro za moyo

Zinazojulikana zaidi ni:
* Tetralojia ya Fallot: tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo pamoja na njia nyembamba ya damu kwenda mapafuni. Midomo na kucha huwa za buluu, hasa mtoto akilia.
* Mshipa mmoja mkubwa kutoka moyoni badala ya miwili.
* Aota iliyokatika. Mtoto huonekana mzima siku za kwanza, kisha huzidiwa ghafla mshipa wa muda aliozaliwa nao unapofunga.

Dalili nyingine

Tezi zinazosimamia kalisi zikiwa dhaifu, kalisi ya damu hushuka na mtoto hupata degedege. Mahali penye malaria, degedege hudhaniwa haraka kuwa ya homa. Kwa mtoto mchanga asiye na homa inafaa kalisi ipimwe. Mtoto pia huweza kuugua mara kwa mara, au maziwa kumtokea puani kwa sababu ya kasoro ya kaakaa.

Utambuzi na matibabu

Moyo huchunguzwa kwa mawimbi ya sauti, kipimo kiitwacho eko. Sindromu yenyewe huthibitishwa kwa kipimo cha kromosomu. Kalisi huongezwa kwa dawa, na kasoro nyingi za moyo hurekebishwa kwa upasuaji.

Katika mkoa wa Tanga, mtoto wa Handeni au Korogwe huanzia zahanati au hospitali ya wilaya, kama Magunga mjini Korogwe, kisha hupewa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya mkoa jijini Tanga. Upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 Muhimbili. Kwa kuwa safari ni ndefu, mtoto mchanga mwenye midomo ya buluu, anayehema haraka au anayetoka jasho na kuchoka anaponyonya apelekwe hospitali siku hiyohiyo.