Dodoma, mji tunaoupita bila kuusikiliza

Kwa zaidi ya karne moja na nusu watu wamepita Ugogo, nchi ya Wagogo ilipo Dodoma, wakiwa na haraka ya kufika kwingine. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilisimama hapa kutafuta maji na chakula, ikawalipa hongo watemi wa Wagogo, kisha ikashika njia. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyoukuza mji wa Dodoma, lakini abiria wengi waliutazama dirishani tu. Hata baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, wengi walikuja kwa vikao vya Bunge au kufuatilia mambo yao wizarani. Shughuli ikiisha, walirudi Dar es Salaam.

Wapitaji hao waliiacha nyuma hazina kubwa ya muziki. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa basi inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Anayetafuta mahali pa kupumzika mwishoni mwa juma sasa ana sababu ya kushuka Dodoma na kulala.

Muziki wa Cigogo, kama wenyewe wanavyouandika, haukutungwa kwa ajili ya jukwaa. Ulifuata mvua, mavuno na unyago. Makumbi ni nyimbo za jando. Muheme ni ngoma ya wanawake: wapigaji ni wao, ngoma wameibana mapajani, na wachezaji hutikisa mabega hadi shanga nazo zinapiga mdundo wake. Katika nindo, sauti za waimbaji hupishana na kupandana, kila mmoja akijua pa kuingilia bila mtu wa kumwelekeza. Pembeni kuna zeze na ilimba, kinanda cha vyuma vinavyochezwa kwa vidole. Fundi wa ilimba hutoboa matundu kwenye sanduku lake na kuyafunika kwa utando wa buibui, ndipo sauti ipate ule mvumo unaotambulika mara moja kuwa wa Ugogo.

Nchi iliyozaa muziki huo ni kavu, na imeonja mateso. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipofuata, ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliyoua maelfu ya watu. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917 njaa hiyo ilipokuwa ikianza, ndiye aliyekuja kuandika historia, mila na desturi za watu wake, na ndiye Watanzania wanayemkumbuka kwa ngonjera. Jando, ngoma na nyimbo zilivuka njaa hiyo. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi, alizikuta hai kabisa.

Wasanii wenyewe, hata hivyo, walilazimika kuondoka ndipo wasikike. Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, alihamia Dar es Salaam miaka ya 1960 na kuingia katika kikundi cha taifa cha ngoma. Baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ilimba yake ilifika Ulaya, Marekani na Japani, na Real World, lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ikatoa albamu yake ya Chibite mwaka 1996. Alifariki Desemba 2003 akiwa Bagamoyo, mbali na uwanda uliomlea. Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi, naye alijenga jina lake Dar es Salaam akiwa na Afro 70, bendi iliyoiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka 1977.

Jitihada za kumleta msikilizaji hapahapa ni za karibuni. Huko Chamwino Ikulu, mashariki mwa jiji kando ya barabara ya Morogoro, Dkt. Kedmon Mapana alianzisha kituo cha sanaa, na tangu mwaka 2009 vikundi vya vijijini vimekutana hapo katika Tamasha la Muziki wa Cigogo. Wanaocheza ni wakulima na wafugaji, na watoto hujifunzia papo hapo kwa kuangalia.

Kwa hiyo mgeni wa siku mbili apange hivi. Tamasha kwa kawaida hufanyika Julai, majira ya kiangazi. Aulizie tarehe mapema kabla ya kukata tiketi. Jumamosi asubuhi aende mnada wa Msalato, ambako nyama huchomwa tangu mapema, kisha mchana aelekee Chamwino. Asiondoke bila kuonja mlenda kwa ugali wa uwele. Akiongeza siku ya tatu, michoro ya mapangoni ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko kaskazini kwa barabara ya lami. Na akiamkia "mbukwa", au "mbukwenyi" kwa watu wengi, atapokelewa vizuri zaidi.

Kwamba muziki unaweza kumleta mgeni mjini, Dodoma itazame mfano wa Glasgow huko Scotland, mji uliojulikana duniani kwa viwanda vya meli. Viwanda vilipodorora, mji ukaupa muziki nafasi. Tamasha la Celtic Connections lilianzishwa mwaka 1994, likawekwa Januari, mwezi wa baridi ambao kumbi zilikuwa tupu. Mwaka 2008 UNESCO ikautangaza kuwa Mji wa Muziki, heshima ambayo Kinshasa iliipata mwaka 2015. Leo watu hupanda ndege kwenda Glasgow kusikiliza filimbi na fidla tu.

Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, na sensa ya 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya 765,000. Ina treni, ina hoteli, ina wapigaji ambao dunia imeshawasifu. Kinachokosekana ni jukwaa la kudumu katikati ya jiji, mahali ambapo msafiri aliyeshuka Ijumaa jioni ataikuta muheme kila wiki na wapigaji wakalipwa ujira wao. Halmashauri ya Jiji inaweza kulianzisha kwa gharama ndogo. Nawe msomaji usisubiri jukwaa hilo: safari yako ijayo ya Dodoma, iwe ya kikazi au ya kifamilia, iongezee siku moja ya kusikiliza.