Klachi "imekufa"?

Gari huingizwa gereji kwa kauli moja: klachi imekufa. Kauli hiyo hufunika magonjwa mawili yanayopingana, maana kazi ya klachi ni kushika na kuachia. Injini ikinguruma mlimani na gari lisichanganye, harufu ya kuungua ikapanda, klachi inateleza. Mara nyingi pleti imelika. Lakini gia ikikwaruza kuingia, hasa rivasi, na injini ikizimwa ikaingia laini, basi klachi haiachii. Hapo pleti yaweza kuwa nzima kabisa, kumbe mafuta ya klachi yamevuja au waya wake umelegea.

Atasema mtu: ya nini kuchagua maneno, fundi si atapima mwenyewe? Atapima, akiwa mwangalifu. Ila "imekufa" (neno tunalolitupia hata redio iliyoishiwa betri) limeshatoa hukumu, nayo humsukuma kushusha gia boksi, kazi ya saa kadhaa, kabla hajafunua kikopo kidogo cha mafuta hayo kilicho pale pale chini ya boneti. Kiswahili hakijapungukiwa vitenzi. Ukifika gereji, sema "inateleza" au "haiachii".